Mtu Aliyeiuliza Chupa Kama Imekula

Lei Dehou alizaliwa na masikio makubwa, na masikio hayo ndiyo yaliyompatia kazi. Siku alipofika kwenye kiwanda chetu cha chupa za chai, mkuu wa zamu alimtazama upande huu na upande ule kama mtu anayenunua punda, kisha akasema, "Huyu mpelekeni meza ya kusikiliza. Masikio kama haya kuyapeleka kwenye tanuri ni kuharibu mali ya umma."

Meza ya kusikiliza ilikuwa mwisho wa karakana, karibu na mlango usiofungika vizuri. Kila kioo cha ndani, kabla ya kuvishwa bati lake lenye maua, kilipita kwenye masikio mawili. Sikio la kwanza lilikuwa la Dehou. Aliweka mdomo wa chupa sikioni, ikivuma kama nyuki walio mbali, alisema, "Nzima." Ikiwa kimya, ina ufa mahali, alisema, "Imekufa." Kisha aliipitisha kulia kwa sikio la pili, nalo likarudia kazi ileile, maana serikali haikuamini sikio moja la mtu. Chupa mia sita kwa siku.

Sikio la pili lilikuwa la Miao Suqin, mwanagenzi kutoka kijiji cha milimani, aliyechaguliwa peke yake kati ya wasichana arobaini. Miaka mitatu ya uanagenzi, halafu barua ya kuwa mfanyakazi kamili, halafu nafaka ya mgao maisha yake yote. Lakini kanuni ya nne ya kiwanda ilisema hivi: mwanagenzi hapendi. Akipenda, anarudi kwao na fungu lake la nguo, miaka yake imekwenda na maji. Na mfanyakazi atakayempotosha anakwenda machimbo ya chokaa mlimani, ambako watu walikohoa unga mweupe.

Si wanagenzi tu waliobanwa. Miaka hiyo kupenda kulikuwa na mahali pake. Ulipenda nchi, ulipenda kazi, ulipenda mashine namba nne, iliyofungwa utepe mwekundu kwa kuvuka lengo. Mtu na mkewe wa miaka ishirini waliitana "Ndugu" na kukaa mbalimbali sinema ilipooneshwa uwanjani. Fundi Tao, mzee wa zamu yetu, aliwahi kushitakiwa kwamba ametabasamu bila sababu. Alijitetea kwamba jino lilikuwa linamuuma. Tangu siku hiyo akawa mkali kuliko wote, kwani hakuna mlinzi mbaya kama mwizi aliyesamehewa.

Kwa hiyo kwa miaka miwili na nusu, mazungumzo ya Dehou na Suqin yalikuwa haya: "Nzima." "Nzima." "Nzima." "Nzima." "Imekufa." "Imekufa." Ukijumlisha, walikuwa wameambiana mengi kuliko wachumba wengi, ila yote yalihusu vioo.

Kisha ikaja ile baridi ya mwaka sabini na mbili. Upepo uliingia kwenye ule mlango kama mwenye nyumba. Vioo viliganda, na mdomo wa chupa ulipogusa sikio uliuma kama kisu. Masikio ya Dehou yalikuwa ya kazi, yalistahimili. Sikio la Suqin lilivimba, likawa jekundu, mwishowe likapasuka na kutoa maji. Hakulalamika. Kila chupa aliipokea, akafumba macho, akabana meno, akasema, "Nzima." Dehou alimwona akifumba macho mara mia sita kwa siku, na mara ya mia sita ilimuuma yeye zaidi.

Alifanya jambo dogo. Kabla ya kupitisha chupa, aliihemea mdomoni, pumzi moja ndefu, kioo kipate joto. Mtu akimtazama angedhani anaikagua. Hakumwambia Suqin, na Suqin hakusema kitu. Mwezi haukwisha, sikio likapona.

Balaa ni kwamba baridi iliisha, tabia haikuisha. Machi ilifika, mierebi ikachipua, na Dehou bado anahemea chupa. Na mdomo uliozoea kufunguka utatafuta la kusema. Siku moja, pumzi ikatoka na neno.

Fundi Tao alikuwa nyuma yake.

"Lei Dehou! Unaongea na nani?"

"Na... na chupa, Fundi."

"Na chupa! Umeiambia nini?"

Dehou alikuwa na ubaya mmoja: hakujua kudanganya haraka. "Nimeiuliza kama imekula."

Karakana nzima ilisimama. Kuulizana kama umekula ni salamu yetu ya kila siku, mtu humsalimu hata jirani asiyempenda. Lakini kuisalimu chupa, tena kwa sauti ile ya chini, hilo lilikuwa jambo jingine. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Fundi Tao alikuwa na pua ya vikohozi vya watu.

*

Jumamosi ya kwanza ya Aprili, saa tisa alasiri, kikao cha kujikosoa kilifanyika ukumbi wa kulia chakula. Mwenyekiti alikuwa Katibu Xing, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mwenye nywele zilizokatwa sawasawa kama kwa rula. Mumewe alifanya kazi mkoa mwingine, reli na reli kutoka kwetu, na waliruhusiwa kuonana siku kumi na mbili kwa mwaka. Hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja jambo hilo.

Dehou alisoma karatasi yake ya kukiri kosa. Alieleza kwamba alizungumza na chupa kwa sababu ya upendo uliopitiliza kwa uzalishaji. Watu waliangalia viatu vyao. Hata uongo una viwango vyake.

Fundi Tao akainuka. "Mimi nina swali moja tu. Chupa ikitoka kwake inakwenda kwa nani?"

Shingo zilianza kugeuka. Machimbo ya chokaa Dehou angeyavumilia. Alilolihofia ni yule msichana kupanda gari la mkokoteni kurudi mlimani, wale thelathini na tisa wengine wakimcheka njia nzima. Akafungua kinywa aseme lolote, lakini Suqin alikuwa amekwisha simama.

"Kwangu, Fundi. Mimi ndiye sikio la pili." Sauti yake ilikuwa kavu. "Na mimi niliyekaa karibu naye nasema karatasi hii haijafika ndani. Huyu ndugu anatuchezea. Upendo gani wa uzalishaji? Aandike upya, achimbe mpaka kwenye mzizi!"

Makofi yakapigwa. Wanawake wa karakana ya kupaka vioo fedha wakanong'onezana, "Basi siye huyu. Anayependwa hawezi kusema hivyo." Hata Fundi Tao akakaa.

Suqin ameokoka. Dehou alipaswa kufurahi, naye alifurahi, kwa muda wa kama dakika moja. Kisha akaona kwamba mtu aliyehemewa chupa zote zile anamdharau mbele ya watu mia mbili, na wiki nzima alirudisha bakuli lake la tambi likiwa nusu.

Mezani waliendelea. "Nzima," alisema Dehou. "Nzima," alijibu Suqin, bila kumtazama.

Katibu Xing alimrudishia ile karatasi. Ilikuwa imepigwa mistari myekundu kila mahali, na pembeni pameandikwa neno moja kwa mkono mdogo: *Fafanua.*

*

Sasa, kuna jambo ambalo wakubwa waliotunga kanuni zile hawakuliwaza. Kusema "nampenda fulani" ni kosa. Lakini kukiri kosa ni wajibu, na kulikiri kwa ukamilifu, bila kuruka kitu, mbele ya umma, ni sifa. Dehou aligundua hilo usiku huo akiwa na kalamu mkononi: katika nchi nzima palibaki mahali pamoja tu ambapo mtu angeweza kusema ya moyoni hadi mwisho, na watu wakamsikiliza kimya, na katibu akaandika.

Jumamosi ya pili alisoma hivi:

"Mimi, Lei Dehou, nakiri kwamba kuna mtu ninayempenda. Si kama mashine namba nne. Nimeshajaribu. Kosa langu lilianza mwezi Machi, kwenye foleni ya mikate ya mvuke. Nakiri kwamba akicheka huziba mdomo kwa mkono, nami nikiona mkono ukipanda, najikuta nimeshacheka kabla sijajua sababu. Nakiri kwamba siku asipokuja kazini, najua bila kugeuka. Nakiri kwamba nikipata mkate mkubwa nasikitika, kwa kuwa yeye huenda amepata mdogo. Huu ni uozo wa fikra, nami naukemea."

Mtu mmoja kule nyuma alisema, "Lo!" kisha akajifanya anakohoa.

"Jina," alisema Katibu Xing. Akanywa maji kwenye kikombe chake cha bati. "Taja jina."

"Naomba kwanza nikemewe bila jina, Ndugu Katibu."

Suqin akanyanyua mkono. "Haijafika ndani! Amesema anapenda. Anapendaje? Ilianzaje? Siku gani hasa? Mtu hawezi kung'oa mzizi asioujua. Arudie tena!"

"Arudie!" waliitikia wanawake wa kupaka fedha, na safari hii hawakuwa na hasira hata chembe.

Katibu Xing aliifunga kalamu. "Jumamosi ijayo ni ya mwisho. Tarehe, chanzo na jina. Bila hivyo, Jumatatu gari la machimbo litakupitia."

Wiki hiyo kiwanda kilivuka lengo, na mimi najua sababu. Kila mwanamke aliyewahi kusimama foleni ya mikate aliamini anasemwa yeye. Vitana vilizunguka. Mmoja alianza kuziba mdomo akicheka, ambaye zamani alicheka hadi kwenye tanuri wakamsikia. Wanaume nao walirudi nyumbani na kuwatazama wake zao wakila mkate, wakijiuliza maswali.

Aliyeamini zaidi alikuwa Shangazi Pang, mpishi, mjane wa miaka hamsini na mbili mwenye mikono kama ya mpiga mieleka. Dehou alipofika dirishani na bakuli lake, alijaziwa tambi, kisha chini ya tambi akakuta vipande vitatu vya nyama ya nguruwe vilivyojificha kama watoro.

"Shangazi, hii ni mgao wa nani?"

"Kula, mwanangu. Nimekusikia Jumamosi."

"Shangazi Pang, siyo..."

"Shh! Usiseme. Kuta zina masikio, na wewe unayo makubwa zaidi." Akaegemea dirisha. "Nikwambie ukweli. Umri wangu umekwenda, na wewe ni mtoto kwangu. Siwezi kukubali. Lakini miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyehuzunika kwa sababu mkate wangu ni mdogo. Kula tu."

Dehou hakuwa na moyo wa kumwambia. Alikula nyama ile huku machozi yakimlenga, na Shangazi Pang alipoyaona machozi akamwongeza kipande cha nne, na siku mbili zilizofuata ikawa vilevile.

*

Jumamosi ya tatu Dehou alifunga fungu lake la nguo asubuhi, akaliacha mlangoni mwa ukumbi. Tarehe angeweza kuitaja. Chanzo, hapana. Sikio la pili kiwandani lilikuwa moja tu. Akisema baridi, akisema chupa, akisema pumzi, amemtaja. Alikata shauri abaki na foleni ya mikate, aende zake kupasua mawe.

Watu walikuja mapema, na vigoda, na mbegu za alizeti mifukoni. Shangazi Pang alivaa koti jipya.

"Nakiri kwa mara ya mwisho," alisoma Dehou. "Ilianza Machi, kwenye foleni. Jina silitaji, kwa kuwa yeye hana kosa. Hajui. Hajawahi kunijibu, wala sikumwuliza. Nimejitahidi kuukemea moyo wangu kama nilivyoelekezwa. Nimeukemea asubuhi na jioni, nao unanisikiliza kwa adabu, kisha unaendelea. Kuliko kumharibia maisha mtu ninayempenda, nipelekeni machimboni. Sina zaidi."

Shangazi Pang alipenga kamasi kwa sauti. Katibu Xing, bila kuinua macho mezani, akauliza kama kawaida, "Kuna mwenye maoni?"

Suqin akasimama.

"Haijafika ndani," alisema.

Hata wale wa kupaka fedha waliguna. "Eh, dada, mwache sasa!" alisema mmoja. Dehou alifumba macho. Kwa mara ya kwanza alitamani asingelihemea lile sikio.

"Haijafika ndani, tena ina uongo," aliendelea Suqin. "Haikuanza Machi. Wala si foleni ya mikate. Ilianza majira ya baridi, wiki ya pili ya Desemba, kwenye meza ya kusikiliza. Sikio langu lilikuwa limepasuka. Siku ya Jumanne chupa zilikuja za baridi. Jumatano zikaja za moto. Nikadhani nina homa. Nikatazama kwa pembe ya jicho, nikamwona anazihemea, moja moja, mia sita kwa siku, mpaka midomo yake ikapasuka badala ya sikio langu. Hayo ameyaficha. Mtu mwenye kuficha jambo kama hilo, atasemaje amejikosoa?"

Hakuna aliyetafuna mbegu. Dehou alifumbua macho, akaona kwamba mkono wa Suqin ulioshika kiti ulikuwa mweupe kwa kubana.

Fundi Tao akaruka. "Mwanagenzi! Umesikia, Katibu? Kanuni ya nne!"

"Fundi Tao," alisema Suqin, akitoa bahasha mfukoni, "mimi si mwanagenzi. Miaka yangu mitatu imekwisha jana. Barua nimepewa leo asubuhi ofisini. Mfanyakazi daraja la kwanza, na muhuri huu hapa."

Barua ikapita mkono kwa mkono hadi mbele. Katibu Xing aliisoma, ingawa aliipiga muhuri yeye mwenyewe. Akafungua kijitabu cha kanuni, akalowesha kidole, akapekua.

"Lakini ulijua tangu Desemba!" Fundi Tao hakukata tamaa.

"Kujua si kupenda, Fundi. Kanuni inasema mwanagenzi asipende. Haisemi sikio lake lisipone."

Kicheko kilianzia nyuma. Katibu Xing akagonga meza. "Ndugu Miao Suqin. Jibu kwa ukweli, hapa tunaandika. Na wewe ulianza lini?"

Suqin aliitazama saa ya ukutani. "Leo, saa mbili na dakika tano asubuhi. Baada ya kupokea barua."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa nasikiliza chupa."

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka hadi wakashikana, wake na waume, bila kuangalia nani ameshikana na nani. Shangazi Pang alicheka na kulia kwa pamoja, akisema, "Nyama yangu! Jamani, nyama yangu vipande kumi na viwili!" Na wengi waliapa baadaye kwamba walimwona Fundi Tao akitabasamu, naye aliapa kwamba ni lile jino.

Katibu Xing alingoja kelele zitulie. Alisema karatasi ya Ndugu Lei, ikiongezewa maelezo ya Ndugu Miao, sasa imefika ndani. Akasema pia kwamba pumzi ya mdomo ni unyevu, na unyevu ni uchafu kwenye mali ya umma. Kwa hiyo Ndugu Lei anaondolewa meza ya kusikiliza, ahamie kupanga chupa kwenye majani makavu. Kisha, akikusanya zile karatasi tatu, akaongeza haraka kwamba fomu za ndoa ziko kabati la chini, na ofisi hufunguliwa Jumatatu saa mbili. Karatasi hizo zilipaswa kuingia kwenye faili. Hazikuingia. Aliwarudishia Dehou na Suqin mwenyewe, miaka mingi baadaye, alipostaafu, zikiwa zimechakaa kwenye mikunjo kwa kufunguliwa mara nyingi.

Alasiri ile Dehou alimkuta Suqin kwenye banda la baiskeli. Fungu la nguo alilolichukua mlangoni lilikuwa begani mwake, hakujua aliweke wapi.

"Umenitesa," alisema. "Kabla ya leo mara mbili umesema haijafika ndani. Nilidhani unanichukia."

"Mara ya kwanza, shingo zilikuwa zinageuka, na nilikuwa nahesabu siku."

"Na ya pili? Siku zilikuwa zimebaki sita, zingepita zenyewe."

Suqin alipandisha mkono, akaziba mdomo. "Ya pili nilitaka tu kusikia tena."

*

Kwenye arusi yao walipewa chupa za chai kumi na moja, kwani wafanyakazi wa kiwanda cha chupa wangetoa nini kingine? Shangazi Pang peke yake alileta nyama.

Kiwanda kilifungwa zamani, na mlango ule usiofungika umeng'olewa. Dehou sasa ni mzee, masikio ni makubwa kuliko zamani na husikia nusu. Neno lenyewe la kupenda, lile alilosoma mbele ya watu mia mbili, hajalirudia tangu siku ile. Ameshaliandika, husema, lipo kwenye kumbukumbu. Suqin akichokozeka humwambia, "Haijafika ndani, mzee. Andika upya."

Lakini binti yao anayeishi kusini hupiga simu kila Jumapili, na majira ya baridi simu yao, iliyo karibu na dirisha, huwa ya baridi kama chuma. Ikilia, Dehou ndiye huinuka. Huitazama, huihemea pumzi moja ndefu pale pa kuwekea sikio, kisha humpa mkewe.

"Nzima," husema.

Suqin huiweka sikioni, lile lililopona. "Nzima," hujibu, ndipo humsalimu mtoto na kumuuliza kama amekula.